Bukari Niliyokulisha

Mama,

Nimekukasirikia. Nianze na hilo, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mtu akiwa na fundo moyoni hata maji hayamshuki. Basi fundo ninalo, na ni lako. Jana Jumapili limepasuka mbele ya watu, sebuleni kwangu, mbele ya shemeji Gerevazi na wazee wawili aliokuja nao, na sijui kama mume wangu atanisemesha tena kabla ya Pasaka.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Mambo yamegeuka. Ziwa limepanda, limekula nyumba za kule chini ufukweni; hata ile ya fundi wako wa cherehani haipo tena, ukisimama barabarani unaona bati tu linachungulia majini. Mjukuu wako Pasikali ameenda Manono kutafuta kazi ya machimbo, amemwacha mke wake kwetu. Unamkumbuka Bibiani, yule binti wa Moba? Ulimwona siku ya harusi tu, ukiwa tayari kwenye kiti chako na mkono mmoja umekufa, ukasema kwa ule mdomo uliopinda: "Huyu ana miguu ya muntu wa kazi." Kweli anayo. Anaamka kabla ya kengele ya misa, anateka maji, anafagia, anapika, na kwa miezi yote hii hajanijibu neno baya hata moja. Shika hilo, Mama, maana habari yote ni yake.

Na mimi, mwezi wangu umekatika.

Ona, nimeandika. Ungekuwa hai nisingethubutu. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kitambaa nilipokuwa darasa la sita, ukaniambia: "Haya hayasemwi mbele ya wanaume, hayasemwi mbele ya watoto, na ukiweza usiyaseme kabisa." Nikashika. Lakini hukuniambia kwamba iko siku yanakoma. Hukuniambia lile joto. Niko ubaoni naandika hesabu ya kuzidisha, ghafla moto unapanda kutoka kifuani mpaka kwenye mizizi ya nywele, chaki inalowa mkononi, watoto wa darasa la tatu wananikodolea macho. "Madamu, unalia?" Silii, andikeni!

Halafu unene. Si ule unene wa uzazi. Ule nilikuwa naujua, ulikuja na mtoto na uliondoka na mtoto. Huu ulikaa tumboni ukatulia. Sikuongeza chakula, naapa. Nilikula kilekile cha siku zote, bukari ya unga wa mihogo, sombe la majani ya mihogo na mawese, ndagala wa ziwani, na mwili ukawa unaweka kila kitu akiba. Libaya, ile blauzi ya kitenge niliyoshonewa kwa sikukuu ya wamama wa parokia ilinipasukia kwapani katikati ya misa nikiwa nimeinua mikono. Ikalia praa! Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Pole." Misa yote iliyobaki nilikaa mikono nimeibana kama kuku anayepelekwa sokoni.

Na hakuna wa kumlalamikia. Hapa kwetu mke akinenepa ni sifa ya mume. Mume wangu, Papa Pasikali, alikuwa akinishika bega mbele ya wageni: "Munaona? Huyu hajalala njaa hata siku moja." Mama Shukuru wa jirani akaniambia eti damu isiyotoka inarudi ndani inageuka mafuta, ninywe mizizi. Nikanywa mizizi. Nikaharisha siku mbili, nikabaki mnene vilevile na macho yameingia ndani.

Nilipofikia kupanda kile kilima cha shule huku nimeshika ukuta, ndipo nikaenda kituo cha afya. Muuguzi, dada mdogo kuliko mwanangu, akanifunga ule mpira mkononi, akapima tension ya damu, akarudia, akanipandisha kwenye mizani. Hakunicheka. Akasema, "Mama, mwili wa mwanamuke aliyemaliza mwezi hauunguzi chakula kama zamani. Chakula njo kilekile, moto umepunguka. Ukiendelea hivi tension itakuangusha." Akaandika kwenye fishi yangu, ile karatasi ya kituo: kupunguza bukari, hasa ya jioni. Mawese kidogo, chumvi kidogo. Mboga na samaki wa kuchoma. Kutembea kila siku.

Niliisoma ile fishi, Mama, nikaisoma tena. Si kwa sababu ya tension. Ni kwamba maneno yale nilishayasoma mahali.

Tulipotoa matanga yako, wakati mashangazi wanagawana vitenge, nilikuta chini kabisa ya sanduku fishi imekunjwa mara nne, karatasi imekuwa rangi ya chai. Jina lako. Kupunguza bukari ya jioni. Mawese kidogo. Kutembea. Nilidhani ni ya huu ugonjwa wako wa mwisho, nikaiweka ndani ya Biblia nikaisahau. Siku ile niliporudi kutoka kwa muuguzi niliitoa, nikatazama tarehe vizuri. Ilikuwa ya mwaka wa wifi Astrida. Iliandikwa miezi mitatu kabla hatujamfukuza.

Nieleze kana kwamba hujui, maana nataka nijisikie mwenyewe nikisema.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijaolewa, na nilikupenda kwa kiburi. Ulikuwa mama wa kujaza mlango. Ukaanza kukonda. Mashavu yakaingia, pete ikawa inazunguka kidoleni. Jioni unamega tonge, unalishika, unaongea, unaongea, halafu tonge halipo na mdomo haujatafuna. Mpishi wa nyumba alikuwa Astrida, mke wa kaka Deo, yule aliyetoka Nyemba. Nikamtazama Astrida, nikakutazama wewe, nikajumlisha moja na moja. Nikamfuata kaka Deo nyuma ya nyumba nikamwambia: "Muke wako njo anamumaliza Mama." Sentensi moja tu. Ikazunguka ukoo mzima, wazee wakaja wakakaa, wakakuuliza: "Kuna kitu unakiona ndani ya chakula cha huyu muntu?"

Na wewe ukatazama mkeka. Ukasema, "Mimi sina neno."

Huna neno! Neno ulikuwa nalo, Mama. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu, ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uliulalia. Astrida akarudishwa kwao Nyemba kwa treni ya mizigo, mtoto mgongoni, na mimi nikasimama mlangoni kuhakikisha hasahau kitu, asije akapata sababu ya kurudi.

Halafu mwiko nikaushika mimi. Unakumbuka nilivyokuwa nakulisha? Sahani imejaa, nimevuta kigoda mbele yako: "Kula, Mama, sasa chakula ni safi." Na wewe ukala. Kila jioni, tonge kwa tonge, ukinitazama usoni. Ukanenepa tena. Loo, tulivyoshangilia! Nikawa nawaambia watu sokoni, mnaona, yule muntu ametoka na Mama amepona. Unene wako ndio uliokuwa ushahidi wetu. Kiharusi kilipokuja baadaye kikaubeba mkono na mdomo, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Leo najua nilikuwa nakipika mwenyewe, kila jioni, kwa mwiko wangu, na wewe ukinitazama.

Kwa nini hukusema? Hata mimi peke yangu, hata jikoni, hata baada ya Astrida kwenda. Nimekuuliza swali hili miezi mitano nikitembea.

Ungedhani mtu aliyeisoma fishi yako na kuijua habari hiyo angekuwa na akili. Aka! Nilifanya vilevile.

Unajua desturi yetu: sisi wanawake sahani moja, na mama mwenye nyumba njo anamega wa kwanza, wengine wanafuata. Ningeanzaje kusema? Mbele ya Bibiani, mkwe, mtoto wa watu? Mbele ya Feza wangu wa miaka kumi na tisa? "Napunguza bukari kwa sababu mwezi umekatika." Ulimi uligoma kabisa. Basi jioni namega tonge la kwanza, wanafuata, mimi lile tonge nalishika, nasimulia habari za shule, nalishusha polepole kwenye pindo la kitenge. Nikishanyanyuka nawapelekea bata. Nakula mboga na kipande cha samaki, nasema nimeshiba, nilikula shuleni. Bata wetu wamenona mwaka huu, hujawaona.

Na asubuhi natembea. Nyumbani mpaka daraja la Lukuga, nageuka. Siku za kwanza kila mwenye pikipiki alisimama: "Madamu, nani amekufa?" Maana hapa mama mnene anayetembea haraka alfajiri, hana mzigo, hana kikapu, anaenda msibani tu, hakuna safari nyingine. Mmoja alikataa kabisa kuniacha, akanisindikiza taratibu na pikipiki yake mpaka darajani akinipa pole. Sikuwa na moyo wa kumwambia hakuna maiti. Nilikuja kucheka peke yangu nikiwa narudi, na ni mara chache nimecheka mwaka huu.

Mwili ukaanza kusikia. Kilima cha shule nikakipanda bila ukuta. Muuguzi akapima, akaniambia, "Mama, endelea hivyohivyo." Ile libaya iliyoshonwa upya ikaanza kulegea, na furaha niliyokuwa nayo ilikaa wiki mbili, labda tatu. Kwa sababu walioiona si mimi peke yangu. "Madamu, una nini?" "Madamu, umepima damu?" "Nyumbani kuna amani?" Papa Pasikali akaacha kunishika bega mbele ya wageni. Kila kilo iliyoshuka ilikuwa inaniongezea kesi. Nikinenepa, tension inaniua. Nikikonda, naonekana nauawa. Nilikuwa nalala na mawazo hayo na kuamka nayo, Mama, hakuna upande wa kugeukia.

Siku moja jioni Feza akanikuta kwa bata. Akasimama akanitazama, tonge bado liko mkononi mwangu. Akasema, "Mama, chakula chako kinakuliwa na bata. Unaogopa nini ndani yake?"

Hapo ndipo ningesema. Mtoto wangu mwenyewe, msichana, tuko wawili nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Nyamaza." Nikaliona lile neno likimwingia. Alilichukua kama mimi nilivyolichukua lile tonge lako. Anampenda mama yake kwa kiburi, huyo. Hakurudi kuniuliza tena, alimpigia simu baba yake mkubwa, Gerevazi.

Bibiani alijua kabla ya kuambiwa. Wake za watu wanajua. Akaanza kupika mlango wazi. Akiteka maji ananiita, "Mama, njoo uone, nateka." Akikoroga unga ananiita. Akichukua chumvi anaishika juu niione. Jioni akawa anaonja mboga mbele yetu, kijiko kizima, anameza, anatungoja. Wiki mbili nilimwona yule mtoto akijilinda na chungu cha mboga, na mimi nikawa natazama pembeni. Jumamosi nikapita chumbani kwake, nikaona begi limefungwa liko kitandani. Boti la Moba linaondoka Jumanne. Hakuna aliyemwambia afunge begi.

Usiku ule sikulala, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa sababu ya joto.

Basi jana, baada ya misa, wakaja. Gerevazi akakaa kwenye kiti cha mume wangu, wazee wawili wakakaa kwenye kochi, Papa Pasikali kwenye kiti cha plastiki kana kwamba yeye ndiye mgeni. Mimi mkekani. Bibiani mlangoni, ametupa mgongo, kitenge kimefunika kichwa. Gerevazi akasafisha koo. "Muke wa ndugu yetu anakauka ndani ya nyumba ya ndugu yetu. Hatuwezi kufunga macho." Halafu akanigeukia. "Shemeji, kuna kitu unakiona ndani ya chakula cha huyu mutoto?"

Swali lilelile, Mama! Miaka karibu thelathini, ukoo mwingine, nyumba nyingine, wameliokota kama lilivyo. Na mimi nikatazama mkeka. Nataka ujue hilo. Niliutazama, na ulikuwa mkeka mzuri wa kutazama, una mistari myekundu, ungeweza kuutazama mpaka Jumanne boti liondoke. "Sina neno" lilikuwa tayari limefika kwenye meno.

Sijui lilizuiwa na nini. Nadhani ni ule mgongo wa Bibiani. Ulikuwa hautetemeki, umenyooka tu, unangoja.

Nikasema: "Hakuna kitu ndani ya chakula. Mimi njo nimeacha kula. Mwezi wangu umekatika. Mwili ukanenepa, tension ikapanda, muuguzi akaniambia nipunguze bukari. Nimeona haya kusema, nikawa nawapa bata. Fishi hii hapa." Nikaiweka mezani, na ya kwako nikaiweka juu yake.

Mama, ungewaona. Papa Pasikali aliinama mpaka nikaona upara wake. Mzee mmoja akakohoa kikohozi cha uongo. Gerevazi hakuzigusa zile fishi. Akasema, "Shemeji, hatukukuita uvue nguo."

Nikahisi joto linapanda, lilelile, na jasho linanichuruzika mbele yao wote, na safari hii nilijua wote wanajua ni nini.

Halafu yule mzee wa kikohozi akasema, "Muntu aliyefungwa ulimi kwa dawa anaweza kusema lolote." Na Gerevazi akachangamka, maana alikuwa amepewa njia. "Njo hivyo. Maneno hayatoshi. Kama hakuna kitu, ale tumuone. Feza, leta chakula cha mchana alichopika mwenzako."

Feza akaleta. Bukari imejaa sahani, mlima, na sombe linaelea mawese. Wakaiweka mbele yangu.

Hapo ndipo nilipokuelewa, Mama, hapo hasa, nikiwa natazama ule mlima. Nikikataa, Bibiani anapanda boti Jumanne na jina la mchawi, na jina hilo halifuliki. Nikila, sitakula leo tu. Kesho watauliza Feza, amekula? Keshokutwa watauliza tena. Nitakula kila jioni, nitanenepa, watashangilia, na unene wangu ndio utakaokuwa dhamana ya yule mtoto, mpaka mkono mmoja ufe. Nikajiuliza kama na wewe ulikula kwa sababu hiyo. Kwamba Astrida alishakwenda, ukaona huwezi tena kusema, ukaamua kuila ile bukari kama adhabu. Sitajua. Lakini nilikaa pale ulipokaa.

Nikanawa mikono. Nikamega wa kwanza, tonge zima, si dogo. Nikachovya, nikatafuna bila haraka, nikameza, nikafungua mdomo nikawaonyesha kama mtoto anayepewa dawa. Halafu nikaisukuma sahani.

"Feza, njoo hapa."

Akaja. Nikamkalisha mkekani. Nikawaambia, "Huyu ni kitindamimba wangu. Shemeji, wewe unajua nimezika watoto wangapi kabla yake. Kama humu kuna kitu, basi nampa yeye. Feza, kula."

 Papa Pasikali akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Feza alinitazama, nikaona anaogopa kweli, maskini, alikuwa ameyaamini yote. Ilikuwa zamu yangu kumtazama mtu akila. "Kula, mama," nikamwambia taratibu. Akamega. Tonge la kwanza lilimkaa shavuni muda mrefu. La pili likashuka. Kufika la nne alikuwa analia, machozi yanadondokea kwenye sombe, anakula huku analia, na hakuna aliyemwambia aache. Akaimaliza sahani. Akageuka akamwambia Bibiani, kwenye ule mgongo, "Yaya, dada yangu, nisamehe." Bibiani hakugeuka, ila kitenge kikaanguka begani na hakukiokota.

Nikawaambia wazee, "Mmeona. Kuanzia leo tonge langu ni moja. Anayetaka kulihesabu, tunakula saa kumi na mbili, mlango hatufungi."

Yule mzee wa pili, aliyekuwa hajasema kitu tangu aingie, akacheka kidogo puani. Akasema, "Muke wangu pia usiku anajipepea na sahani. Nilidhani ni malaria." Gerevazi alimtazama kwa jicho baya sana. Wakaondoka bila kunywa soda, lakini waliondoka, na begi halikutajwa.

Usidhani nimetoka mzima. Papa Pasikali hajanisemesha tangu jana. Amelala amegeukia ukuta, si kwa sababu ya bukari, ni kwa sababu nimemtajia kaka yake mkubwa mambo ya chumbani. Leo shuleni walimu wenzangu wamenyamaza nilipoingia, kwa hiyo imeshafika. Mji huu ni mkubwa kwa kutembea tu, kwa maneno ni kama chumba kimoja. Tension iko palepale, joto liko palepale, na nikipungua kilo nyingine mbili wataanza upya na jina jipya. Mwili huu sijui utanifikisha wapi. Naamka ndani yake kila siku kama mtu aliyepewa nyumba ya mwingine na kuambiwa ndiyo yako sasa, zoea. Nimechoka, Mama. Ningependa mtu aniambie haya yanaisha lini. Wewe ulikuwa unajua.

Ila leo mchana Bibiani alikuja na bakuli, akapiga magoti akauliza, "Mama, nikupimie namna gani?" Nikamwonyesha ngumi yangu. Akaitazama vizuri, akaigusa, akaenda zake jikoni. Na mlango wa jikoni aliufunga, kwa sababu moshi ulikuwa unaingia ndani. Nililia kwa sababu ya huo mlango.

Mama, nilianza barua hii na hasira na nilitaka kuimaliza nayo. Nilitaka kukwambia kwamba ungesema neno moja tu, Astrida angezeekea nyumbani kwetu na wewe ungekuwa na mikono miwili siku ya harusi ya mjukuu wako. Bado nasema hivyo. Lakini jana nilijua lile neno lina uzito gani. Mimi nilikuwa na fishi yako mkononi na bado nusura nilimeze. Wewe ulikuwa na ya kwako peke yako, na mbele yako amekaa binti yako mpenzi, mshitaki. Ungesema ukweli, ungenitoa mimi mwongo mbele ya ukoo. Sijui kwa nini sikuwahi kuliwaza hilo. Labda ulimeza ile bukari yote kwa ajili yangu.

Mama mmoja anayeleta muhogo sokoni kutoka Nyemba ameniambia Astrida yuko hai. Hakuolewa tena, nani angemwoa? Analima, na yule mtoto wa mgongoni sasa ana watoto wake. Shule zikifunga kwa Pasaka nitaenda, Papa Pasikali awe ameanza kunisemesha au hajaanza. Nitabeba fishi yako. Nitakaa chini, sitakaa kwenye kiti, na nitamwambia mbele ya watoto wake na wajukuu wake na kila jirani atakayekubali kuitwa, ili lile neno langu la mwaka ule lipate la kulijibu.

Pumzika sasa. Nakuahidi sitamwambia kwamba ulinyamaza. Hilo ni lako na Mungu wako. Nitamwambia kwamba kabla ya wewe kunyamaza, mimi ndiye niliyesema.

Binti yako, yule uliyekula bukari yake.